Unaenda Ocha Kericho ama Bomet Disemba? Hii Ndio Luku ya Safari Isiyokutesa

Kila Disemba ni ile ile. Wasee wanafunga keja Nairobi, wanabeba begi, wanaingia mathree wakiwa wamevaa vile wangevaa wakienda kupigwa picha. Saa mbili baadaye mmoja anatetemeka Kinale na kitop. Mwingine amefungua zipu ya jinzi chini ya begi juu tumbo imefura. Na bado Nakuru hamjafika.

Safari ya ocha si mchezo. Nairobi hadi Kericho ni karibu kilomita 260. Siku ya kawaida ni masaa matano hadi sita, lakini wiki ya Krisi jam ya Kinungi, Naivasha na Gilgil inaweza kukuongezea mengine. Hizo ni saa nyingi za kukaa kwa kiti kimoja, kwa nguo ulizochagua asubuhi ukiwa na usingizi. Kwa hivyo kaa chini tupange hii kitu vizuri, kuanzia steji hadi kwa mlango wa kogo.

Jua barabara yako kwanza

Nguo zako zinategemea njia. Kuna njia mbili kubwa za kufika tea country.

Ya kwanza ni kupitia Nakuru: Limuru, Naivasha, Gilgil, Nakuru, Salgaa, Mau Summit, Londiani, halafu Kericho. Hii barabara inapanda na kushuka kama lifti. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Ukifika Kimende na Kinale uko karibu mita 2,500, na hapo ukungu unaweza kukukaribisha hata saa tatu asubuhi. Kisha unateremka bonde la ufa, Naivasha na Nakuru, jua linakuchoma kupitia kwa kioo. Halafu unapanda tena Mau Summit, baridi inarudi. Mwisho Kericho, karibu mita 2,000 na kitu, na mvua juu.

Ya pili ni ya watu wa Bomet: Mai Mahiu, Suswa, Narok, Ololulung'a, Mulot, Longisa, Bomet. Ukienda mbele zaidi ni Kaplong na Sotik. Hapa adui wa kwanza ni joto na vumbi. Kati ya Mai Mahiu na Narok dirisha likifunguliwa unakula vumbi ya Suswa bila chumvi. Baridi inakungoja mbele, ukianza kuona chai.

Hesabu ni rahisi: kila ukipanda mita 1,000, joto linashuka kama digrii 6. Ndio maana mtu mmoja, siku moja, gari moja, anaweza kutokwa jasho na kutetemeka kabla ya lunch.

Mvua ya Kericho haiangalii kalenda

Wengi husema Disemba ni kiangazi. Sawa, kwingine. Kericho hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kama mara mbili ya Nairobi, na hakuna mwezi inakosa kabisa. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda ikikutana na hizi nyanda za juu, inapoa, inageuka mawingu. Ndio maana asubuhi ni jua safi, halafu saa nane ama saa tisa mchana anga inafunga. Mara nyingine ni mvua ya mawe. Eneo la Kericho na Nandi linajulikana duniani kwa mvua ya mawe; wakulima wa chai wanajua hasara yake.

Usiku joto linaweza kushuka hadi karibu digrii 10. Kama umezoea usiku wa Mombasa ama keja ya Pipeline yenye watu wanne, hii itakushtua.

Somo: usiangalie hali ya hewa ya Nairobi ukichagua nguo. Angalia ya penye unashukia.

Vaa kama kitunguu

Jaketi moja kubwa si jibu. Ukiwa Naivasha litakupika, ukilivua huna pa kuliweka. Jibu ni kuvaa tabaka tatu unazoweza kuvua na kurudisha:

*Ya ndani:* tishati ama vesti laini, isiyobana kwapa. Pamba ni sawa kama hutokwi jasho sana. Kama unatoka jasho haraka, ile tishati ya mpira ya kukauka chapchap ni afadhali, juu pamba ikilowa jasho Naivasha itakugandisha Mau Summit.

*Ya kati:* sweta ya sufu, hudi, ama ile jaketi laini ya flisi. Hii ndio ya kukupa joto. Chagua yenye zipu mbele. Hudi ya kuvaa kupitia kichwani inakulazimisha kumpiga jirani na kiwiko kila mara, na mathree ya Disemba haina nafasi ya ugomvi.

*Ya nje:* kitu chepesi cha kuzuia upepo na mvua. Hata ile jaketi nyembamba ya nailoni inayokunjwa ikaingia mfukoni inatosha.

Ongeza mavin ama boshori, na shuka ama leso moja. Shuka ni kitu ya maana kuliko vile unadhani. Ni blanketi, ni mto, ni pazia la jua, ni kiti ukikwama steji, ni mbeleko kama unasafiri na mtoto. Magari yakiisha jioni ya tarehe 23 na ikabidi mngoje hadi usiku, mwenye shuka ndiye mfalme wa steji.

Na hizi zote si za duka la mall. Gikomba, Toi na Muthurwa ziko hapo. Flisi ya mtumba iliyofuliwa vizuri inafanya kazi ile ile. Kumbuka baada ya Disemba kuna Njaanuari, usimalize doh kwa luku ya siku moja.

Kuanzia kiuno kushuka: hapa ndio watu huumia

Jinzi ya kubana ni nzuri ukisimama. Ukikaa masaa sita, inakukata tumbo, inakukata nyuma ya goti, na damu ya miguu inapata kazi ya kupanda kurudi juu.

Hii si stori ya kukutisha. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti 2007 likasema kusafiri ukiwa umekaa kwa masaa manne ama zaidi, iwe ndege, basi, treni ama gari, huongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda kwa mishipa ya ndani ya miguu. Tulia, hatari yenyewe bado ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Lakini inapanda kwa watu wanene sana, warefu kupita mita 1.9, wafupi chini ya mita 1.6, na wanawake wanaotumia baadhi ya tembe za kupanga uzazi. Ushauri wao ni wa bure: usivae nguo za kubana, na chezesha misuli ya mguu. Inua kisigino, shusha, inua vidole, shusha. Gari likisimama Nakuru ama Narok, shuka utembee, usibaki umelala ndani.

Na mguu mmoja ukifura na kuuma siku chache baada ya safari, ama kifua kianze kubana ghafla na pumzi kukatika, usingoje chai iive. Enda hospitali.

Kwa hivyo vaa nini? Traksuti, suruali pana ya kitambaa, sketi ndefu ya kunyooka, ama dera na taiti ndani. Taiti ziwe laini, zisikuache na alama ya mpira kiunoni. Kama lazima iwe jinzi, chukua ile imelegea na imezoea mwili wako. Safari si siku ya kuzindua suruali mpya.

Choo haingoji luku

Hii wasichana wanajua, lakini kila mwaka kuna mtu anasahau. Jampusuti na dangarizi ni jela. Gari linasimama petroli dakika kumi, laini ya choo ni ndefu, sakafu imelowa, na wewe lazima uvue nguo yote kutoka begani. Konda anapiga honi na wewe bado unatafuta kifungo. Vaa vipande viwili, vya kushuka na kupanda haraka.

Weka sarafu mfuko wa karibu juu choo nyingi za barabarani ni za kulipia. Beba tishu yako.

Mifuko: wapi simu, wapi doh

Steji za downtown Disemba ni soko la wezi pia. Simu mfuko wa nyuma ni zawadi ya Krisi kwa mtu usiyemjua. Vaa kitu chenye mfuko wa ndani wenye zipu, kifuani ama ndani ya sweta. Nauli iweke mfuko wake pekee, ili usitoe bando la pesa mbele ya gari zima ukitafuta mia mbili. Kitambulisho kikae mwilini, si ndani ya begi lililo karia.

Na ukipewa biskuti ama soda na jirani mkarimu sana, sema asante nimeshiba. Watu wamewekewa mchele kwa magari, wakaamka hawana hata viatu.

Begi la karia nalo linahitaji nguo yake. Juu ya gari kuna vumbi ya Suswa na mvua ya Londiani, zote siku moja. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, kwa hivyo usipange safari yako na juala. Tafuta gunia safi ama kipande cha turubai, funga begi lote. Nguo za kubadilisha zikae kwa kibegi cha miguuni.

Miguu

Ukikaa muda mrefu miguu inafura kidogo. Kiatu kilichokubana asubuhi kitakuwa adhabu mchana. Raba iliyozoea mguu, yenye kamba unazoweza kulegeza, ndio kiboko. Sapatu ni tamu kwa gari, lakini mtu akikukanyaga na debe ya unga utaelewa. Tena ukishukia Kericho kwa matope zitabaki hapo.

Soksi ziwe mbili: za kuvaa, na nyingine kavu kwa kibegi. Soksi kavu jioni ya Litein ni kama mshahara. Na tafadhali, zifuliwe. Gari limefungwa madirisha juu ya baridi, na wewe unavua viatu? Wacha hizo.

Mkanda unapita wapi

Tangu sheria za Michuki za 2004, matatu lazima iwe na mikanda. Shida ni venye watu huifunga, kama wanaifunga. Mkanda unafaa kukaa chini kwa mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo, na ukaze mwili. Ukiufunga juu ya jaketi nene ama shuka iliyokunjwa, gari likikanyaga breki kwa nguvu ile nafasi inabonyea na wewe unaruka mbele kabla mkanda haujakushika. Fungua jaketi, pitisha mkanda ndani yake, ukae, halafu ujifunike juu.

Kama uko na mimba, mkanda upite chini ya tumbo, kamwe usipite katikati yake. Dera na sketi pana zivutwe zikae sawa kwanza.

Hii barabara inajulikana. Salgaa na Londiani si majina ya kuchekesha.

Nyeusi tii usiku? Hapana

NTSA huhesabu zaidi ya watu 4,000 wanaokufa barabarani Kenya kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni wanaotembea kwa miguu. Wewe ukishushwa Chepseon ama Kapkatet saa mbili usiku, na hudi nyeusi, suruali nyeusi na begi nyeusi, dereva wa lori hakuoni. Hakuna taa za barabarani huko kama Thika Road.

Beba kitu kimoja cheupe ama cha rangi kali ya kuvaa juu unaposhuka. Tishati nyeupe inatosha. Washa tochi ya simu uielekeze chini. Halafu usisimame kando ya lami ukipiga stori. Tarehe 30 Juni 2023, Londiani Junction, lori lilipoteza mwelekeo likawapitia watu waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya 50 wakafariki. Hakuna nguo ingewaokoa. Lakini ukishuka, ondoka kwa lami kwanza, salamu baadaye.

Nguo yako ni yako

Tunaongea kuhusu starehe na baridi hapa. Hatuongei kuhusu nani ana ruhusa ya kukukagua. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwanamke kuvuliwa nguo na wanaume steji, eti amevaa vibaya. Mwaka huo huo sheria ilibadilishwa, na kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa lake lenyewe kwa kanuni za adhabu. Na Julai 2017 mahakama ya Nairobi iliwahukumu wanaume watatu kwa kesi ya mwanamke aliyevuliwa na kuibiwa ndani ya matatu. Kwa hivyo konda ama msee wa steji akianza kukupima sketi, ana kosa yeye. Ukiona mwingine akisumbuliwa, usitoe simu kurekodi tu. Simama naye.

Kitu moja tu sheria inakukataza: nguo za kijeshi. Suruali ya jungle ya mtumba inaweza kuonekana fiti, lakini raia haruhusiwi kuvaa sare ya KDF ama inayofanana nayo, na kwa hii barabara kuna vizuizi vya polisi. Iache.

Kilomita za mwisho ni za boda

Hapa ndio wengi wanasahau. Gari linakuacha kwa lami, nyumbani ni ndani, na katikati kuna boda, murram na matope mekundu.

Suruali ndefu hapa si mambo ya heshima tu. Bomba la moshi la pikipiki linachoma ndama ya mguu vibaya, na wengi wana hilo kovu. Leso, shuka na mikanda ya koti inayoning'inia vifungwe kabisa, visishikwe na gurudumu la nyuma. Dera ikunjwe, ikaliwe. Sheria inataka abiria pia awe na helmeti na jaketi ya kung'aa. Ukipewa helmeti, vaa mavin ndani kama unaogopa jasho ya watu. Usikatae helmeti juu ya nywele za elfu tatu. Kichwa ni cha bei zaidi.

Ukifika, jifunze kwa wachuma majani

Ukitaka kujua venye watu huvaa kwa hii hali ya hewa, amka saa moja uangalie wachuma chai. Gamboti miguuni. Aproni nzito ya plastiki kiunoni, juu majani ya asubuhi yamejaa umande na matawi ya mchai yanakwaruza. Sweta ndani, kitambaa kichwani. Hakuna kitu hapo cha urembo, kila kitu kina kazi. Wewe ukitaka kupiga picha ndani ya shamba na raba nyeupe, utatoka umelowa hadi mapajani. Omba gamboti za nyumbani, kila boma haikosi.

Mambo mengine matatu ya kupanga kabla ujafunga begi:

*Kama mtapitia Gurdwara ya Kericho.* Hekalu la Masingasinga lililo mjini linajulikana kwa kulisha wageni bure. Lakini unavua viatu na unafunika kichwa. Leso yako na zile soksi safi zinapata kazi hapa.

*Kama kuna koito.* Disemba ni msimu wa koito, na familia nyingi hushona nguo za kufanana. Nguo ya koito isivaliwe barabarani. Ikunje, iweke juu kabisa kwa begi. Na mursik ikipitishwa, kaa vizuri: ile rangi ya kijivu inatoka kwa majivu ya mti wa senetwet, na nguo nyeupe inakamata doa haraka.

*Kama kogo anakungoja.* Utaingia, utasema "Chamgei", na macho yake yatakupima kutoka juu hadi chini. Jinzi yenye matundu magotini ataiuliza kama ulianguka. Weka suruali nzima ama sketi ndefu kwa kibegi cha mkononi, badilisha mahali mnasimama mwisho. Si kujificha. Ni heshima ya siku ya kwanza, halafu kesho mtaongea.

Orodha ya haraka kabla utoke keja

- Tishati laini, sweta ya zipu, jaketi nyepesi ya mvua
- Suruali ama sketi iliyolegea, vipande viwili
- Raba iliyozoea mguu na soksi mbili
- Mavin ama boshori
- Shuka ama leso
- Kitu kimoja cheupe cha kushukia usiku
- Mfuko wa ndani wenye zipu: simu, kitambulisho, nauli, sarafu za choo
- Kibegi cha miguuni: nguo moja ya kubadilisha, tishu, maji, dawa zako
- Gunia ama turubai la begi la karia

Ukirudi Januari utakuwa na kabeji, viazi, majani chai na pengine kuku. Luku ni ile ile, ila acha nguo nyeupe kwa begi. Kama mko mbogi na mnapanda gari moja, tumianeni hii orodha leo, si usiku wa tarehe 23 wakati Gikomba imefungwa na jirani yako amekataa kukuazima sweta.

Safari njema, na mfike.